UZI: Gharama halisi za kuendesha baiskeli kwa mapenzi, na namna ya kuzipanga ili usiishie njiani

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa ajili ya yule anayeendesha baiskeli kwa mapenzi. Halipwi, hana timu wala fundi wa timu, ana kazi na familia, lakini kila wiki anatafuta nafasi ya kutoka na kurudi na kilomita zake. Huyu ndiye anayebanwa zaidi kifedha kwenye mchezo huu, kwa sababu anatumia vifaa vinavyokaribiana na vya wanaolipwa, ila kila kitu kinatoka mfukoni mwake. Nimeona waendeshaji wazuri wakiacha kabisa. Hamu walikuwa nayo, lakini baiskeli iliharibika wakati pesa yote ilishaishia kwenye kuinunua. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Hoja yangu ni kwamba baiskeli inakula pesa kwa kilomita, na bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Ukilielewa hilo mapema, maamuzi karibu yote ya baadaye yanabadilika.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua bei uliyonunulia, toa bei utakayouzia siku ukiachana na baiskeli hiyo, jumlisha kila ulichotumia katikati (minyororo, tairi, pedi za breki, ufundi), kisha gawanya kwa kilomita ulizoendesha. Tuseme umenunua kwa 1,000 ya sarafu yoyote, ukaja kuuza kwa 400, na matengenezo yakafika 600 katika kilomita 15,000. Hiyo ni 1,200 kugawanya kwa 15,000, yaani 0.08 kwa kila kilomita. Hapo matengenezo yamelingana na thamani iliyopotea. Kwa anayeendesha sana, matengenezo huipita.

Kwa hiyo siku ya kwanza usimalize pesa. Kati ya kila 100 uliyotenga, mimi nashauri 70 iende kwenye baiskeli na 30 ibaki kwa vitu ambavyo bila hivyo hufiki mbali: helmeti, bukta yenye pedi, pampu yenye geji, tyubu za akiba, viraka, taa na zana chache. Mwenye baiskeli ya daraja la kati na bukta nzuri atakaa juu ya siti kwa muda wa saa nne. Mwenye baiskeli ghali na bukta mbovu ataanza kutafuta njia ya mkato ya kurudi nyumbani kabla saa mbili hazijapita.

Kabla ya kuchagua daraja la gia, ulizia bei ya mnyororo na kaseti (fungu la gia za nyuma) za daraja hilo. Kwa Shimano, watengenezaji wa gia na breki za baiskeli, daraja la Claris lina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105 ya sasa ina 12. Kadiri gia zinavyoongezeka nyuma, mnyororo unakuwa mwembamba na vipuri vinapanda bei. Gia 12 ni nzuri sana kuendeshea, sibishi. Ila usinunue farasi usiyeweza kumlisha. Kaseti hubadilishwa, mnyororo hubadilishwa mara nyingi zaidi, na hayo yote utayalipia tena na tena muda wote utakaokuwa na baiskeli hiyo.

Sasa mnyororo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea kimyakimya. Ndani ya kila kiungo kuna pini, na kila unapopiga pedali viungo vinajikunja kuizunguka. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusagia chuma. Kila pini inalika kidogo sana, lakini mnyororo una viungo zaidi ya mia moja, na ukijumlisha ulegevu wa vyote unapata mnyororo mrefu kuliko ulivyotoka kiwandani. Mnyororo wa namna hiyo haukai tena sawasawa kati ya meno. Unapanda juu yake, unayachonga, hadi meno yanachongoka na kuinamia upande mmoja. Siku ukifunga mnyororo mpya juu ya kaseti iliyochongwa hivyo, utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, na hapo huna la kufanya ila kununua vyote viwili. Ukichelewa zaidi, gia za mbele nazo zinafuata.

Pima mwenyewe kwa rula. Shika krenki (mkono unaobeba pedali), bonyeza pedali kidogo ili sehemu ya juu ya mnyororo ikaze. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu viungo 24, vya nje na vya ndani vyote. Kwenye mnyororo mpya, katikati ya pini ya mwisho panaangukia milimita 304.8, kwa sababu kila kiungo ni milimita 12.7. Pakifika milimita 306.3, mnyororo umechakaa kwa asilimia 0.5, na kama una gia 11 au 12 nyuma, huo ndio wakati wa kuubadilisha. Kwa gia 8 hadi 10 unaweza kuvumilia hadi asilimia 0.75, yaani kama milimita 307. Kuna kifaa kidogo cha kupimia kinachofanya kazi hiyo kwa sekunde chache, na bei yake ni ndogo kuliko ya mnyororo, lakini rula ya chuma inatosha kabisa.

Ukibadilisha kwa wakati, kaseti moja inaweza kuhudumia minyororo miwili, mitatu, hata zaidi. Kipuri cha bei ndogo kinalinda kile cha bei kubwa, na hakuna sehemu nyingine ya baiskeli ambapo uangalifu wa dakika tano unarudisha pesa nyingi hivyo.

Usafi wake nao hauhitaji makuu. Ukirudi, futa mnyororo kwa kitambaa kikavu. Ukihitaji mafuta, weka tone moja kwenye kila rola, zungusha pedali kinyumenyume, acha yaingie ndani, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanayobaki nje hayalainishi chochote, yanakusanya vumbi tu. Wanaotumia nta iliyoyeyushwa wanapata mnyororo safi zaidi na unaodumu, lakini lazima kwanza waondoe grisi yote ya kiwandani, na nta wasiiyeyushe juu ya moto wa wazi maana inashika moto.

Tairi nitazisema kwa kifupi. Tairi nzuri ndiyo njia ya bei nafuu ya kuongeza kasi: kati ya jozi nyepesi kuzunguka na jozi nzito, tofauti inaweza kupita wati 10 kwa mwendo wa kawaida, na hakuna kipuri kingine cha bei hiyo kinachokupa wati 10. Tairi ya nyuma inalika haraka kwa sababu inabeba uzito mwingi na ndiyo inayosukuma. Ikiisha, hamishia nyuma ile ya mbele, na mpya ifunge mbele, kwa kuwa tairi ya mbele ikipasuka au kuteleza ndiyo inayokuangusha.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, asante sana, nimeuhifadhi uzi huu. Swali langu: nina pesa ya baiskeli mpya ya fremu ya alumini, au ya kaboni iliyotumika miaka kadhaa. Marafiki wote wananiambia kaboni. Wewe ungefanyaje, na kama ni ya mtumba niangalie nini?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, baiskeli hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake miaka ya mwanzo, kwa hiyo ya mtumba iliyotunzwa ni biashara nzuri. Lakini kwa kaboni, ningenunua tu kama nina mtu anayejua kuikagua. Alumini ikiumia mara nyingi inaonyesha: inabonyea, au unaona ufa karibu na maungio. Kaboni inaweza kuwa imevunjika ndani huku rangi ya nje ikionyesha mstari mwembamba tu.

Ukienda kuiona, nenda mchana na uombe iwe imeoshwa. Anza na namba ya fremu, ambayo kwa kawaida iko chini, pale krenki zinapozungukia. Kama imekwanguliwa, ondoka. Usijadili bei, ondoka tu.

Kisha legeza bolti ya nguzo ya siti na ujaribu kuizungusha na kuitoa. Hili watu hawalifanyi, na mimi huwa nalifanya mapema kabisa. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma au kaboni bila kupakwa kitu chochote inaweza kushikana kabisa kwa kutu ya metali mbili tofauti. Ikishashikana, huwezi kurekebisha urefu wa siti, na kuitoa kunaweza kuiharibu fremu. Muuzaji akikuambia "usiiguse, iko sawa hapo ilipo", umeshapata jibu lako.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mtikisiko shingoni, beringi zimelegea au zimekufa. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Kama unakwama katikati kama vile kuna kijitundu, beringi hizo ni za kubadilisha. Shika krenki na uzisukume kulia na kushoto, hazitakiwi kucheza. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Kwa breki za rimu, pitisha kidole kwenye uso wa rimu: ukihisi pameingia ndani, rimu imelika na umri wake umebaki mdogo. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama kibadilisha gia kimenyooka chini ya kaseti au kimeinama kuelekea spoku, dalili ya kuangukia upande huo.

Mwisho, toa rula. Mnyororo ukiwa umepita sana, weka mnyororo, kaseti na pengine gia za mbele kwenye mazungumzo ya bei. Mwambie muuzaji kwa adabu, mwonyeshe namba, maana namba haina ugomvi.

Kwenye kaboni gongagonga kwa sarafu mirija yote ukisikiliza. Sauti ikiwa kavu na kali, kisha sehemu moja ikawa butu, hapo kuna shaka. Njia hii haimalizi ukaguzi, inakusaidia kukataa ile iliyo wazi.

Kama huna wa kukukagulia, chukua alumini mpya yenye tairi nzuri na uendeshe kwa amani.

#4 – Mchangiaji (fundi)

Nakubaliana na mwanzisha uzi, naongeza ya upande wa kiti cha fundi.

Kwanza, mafuta ya breki za diski. Shimano wanatumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, zinatumia DOT 5.1, mafuta ya breki ya aina tofauti. Hivi havichanganywi kabisa, mpira wa ndani unavimba na breki inakufa. Soma maandishi kwenye mkono wa breki kabla ya kumimina chochote. Diski za Shimano mpya zina unene wa milimita 1.8, zikifika 1.5 zitoe. Pedi zikibaki na milimita 0.5 ya kitu cha kusugulia, zitoe. Nimeletewa diski zilizochanwa na chuma cha mgongo wa pedi kwa sababu mtu alisubiri mpaka zipige kelele, na pedi zingemgharimu kidogo sana.

Pili, msioshe baiskeli kwa maji ya presha karibu na beringi. Yanasukuma grisi nje na kuacha maji ndani. Ndoo, sabuni na brashi vinatosha.

Tatu, zana za nyumbani. Spana za L za milimita 4, 5 na 6, bisibisi ya nyota T25, kifaa cha kukatia mnyororo, viinulio vya tairi na pampu. Hapo umemaliza kazi nyingi. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo inafunguka kwa kuzungushia upande ambao pedali ya kulia inakaza. Watu wanaharibu krenki kwa kutojua hilo. Na mwenye usukani au nguzo ya kaboni anunue spana inayopima kani ya kukaza. Bolti nyingi za pale juu zimeandikwa Nm 5 (kipimo cha kani hiyo), na mkono wa mwanadamu hauna kipimo hicho.

Kazi kama kunyoosha rimu, kutoa hewa kwenye breki, au kubana beringi za katikati, tuleteeni sisi. Ukijumlisha zana za kazi hizo na mara chache utakazozitumia, fundi ni nafuu.

#5 – Mchangiaji

Nina mtazamo tofauti kidogo. Mimi napenda milima, na kila kilo inayopungua naihisi. Kwa hiyo kuweka pesa kwenye magurudumu mepesi na fremu nyepesi si anasa, ni sehemu ya mchezo. Pia kukaa unahesabu senti kwa kilomita kunaua raha yenyewe.

#6 – Mwanzisha uzi

Mkuu, raha yako naiheshimu, na kama pesa ipo na matengenezo yameshatengewa fungu, nunua magurudumu hayo kwa moyo mweupe. Ila tuweke namba mezani ili anayesoma aamue.

Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya 8, na kilo 2 za maji na vifaa. Jumla 80. Ukipunguza kilo nzima kwenye baiskeli, umepunguza 1 kati ya 80, yaani asilimia 1.25. Kwenye mlima wa saa nzima, kwa nguvu zilezile za miguu, unaokoa sekunde 45 kwa kiwango cha juu kabisa. Kwenye tambarare tofauti hiyo karibu haipo. Hata wanaolipwa hawaruhusiwi kushindana kwa baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kanuni ya UCI (chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli) iliyoanza mwaka 2000, na baiskeli nyingi nzuri za watu wa kawaida ziko kilo moja au mbili juu ya hapo.

Kwenye tambarare adui ni hewa. Nguvu ya kuikata inapanda kwa mchemraba wa kasi (kasi × kasi × kasi): ukitaka kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 33, ongezeko la asilimia 10, unahitaji kama theluthi moja zaidi ya nguvu ya kushinda hewa. Na sehemu kubwa ya ukinzani huo unatokana na mwili wako, si baiskeli. Kukunja viwiko, kushusha kifua, na kuvaa jezi inayobana mwili badala ya koti linalopepea kunakupa zaidi ya kile utakachopata kwa fremu mpya, na gharama yake ni ndogo mno.

Kuhusu raha, naona kinyume chake. Ninapojua mnyororo ni mzima, pedi zipo, na fungu la tairi ya mwezi ujao liko pembeni, naendesha bila mawazo. Wasiwasi wa pesa ndio unaoingia kichwani mtu akiwa katikati ya mlima, hesabu iliyokwisha fanyika haiingii.

#7 – Mchangiaji

Kaka, mimi ni mwanamke, nimeanza kuendesha masafa marefu na nina mambo mawili. La kwanza, siti inaniumiza, na kila duka linaniuzia siti laini zaidi. La pili, zile jeli za nguvu zinamaliza pesa. Kila safari ndefu natumia kadhaa. Kuna njia nyingine?

#8 – Mwanzisha uzi

Dada yangu, karibu sana, na maswali yote mawili ni ya msingi.

Siti laini mara nyingi ndiyo inayoumiza kwenye safari ndefu, kwa sababu mifupa ya makalio inazama na uzito unahamia kwenye nyama laini. Kinachotakiwa ni upana unaolingana na umbali kati ya mifupa hiyo miwili, na wanawake wengi wanahitaji siti pana kiasi kuliko wanaume. Kaa juu ya kipande cha katoni kwenye kiti kigumu, inama mbele kidogo, kisha pima kati ya vitovu vya alama mbili zitakazobaki. Nenda dukani na namba hiyo, na tafuta duka linalokubali kurudishiwa siti iliyojaribiwa.

Kabla ya kununua, lakini, hakikisha urefu wa siti. Simama bila viatu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya mhimili wa krenki hadi juu ya siti. Kanuni hii inajulikana kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtu mwenye sentimita 80 anapata 70.6. Siti ikiwa juu mno nyonga zinayumba kila upande na ngozi inasuguliwa, hata siti iwe nzuri vipi. Marekebisho haya hayagharimu kitu.

Bukta yenye pedi haivaliwi na chupi ndani. Ifue ikiwa imegeuzwa nje ndani, bila kilainisha nguo, maana kinaziba pedi na kuua uwezo wake wa kunyonya jasho. Bukta mbili za kupokezana zinadumu vizuri kuliko moja inayofuliwa na kuvaliwa kabla haijakauka.

Jeli sasa. Jeli nyingi zina gramu 20 hadi 30 za wanga, na kinachouzwa kwa bei hiyo ni sukari, chumvi kidogo na kifungashio. Kwa safari ya zaidi ya saa moja na nusu, mwili wa wengi unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Wanaojizoeza kula njiani hufika 90, mradi wanga huo uwe mchanganyiko wa glukosi na fruktosi. Sukari ya kawaida ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Gramu 60 kwenye chupa ya mililita 750, na chumvi kidogo, ni kinywaji cha asilimia 8, na tumbo la wengi linakipokea bila shida. Kamulia limao kama utamu unakukinai. Jaribu kwenye mazoezi kwanza, anza na gramu 30, panda taratibu. Jeli moja iache mfukoni kwa dharura. Na mwenye kisukari asifuate hesabu hii bila daktari wake.

#9 – Mchangiaji

Mkuu, na upande wa muda na mashindano? Nyumbani kwangu lawama zimeanza. Pia nataka kununua mita ya nguvu, kile kifaa cha kupima wati unazotoa miguuni, ushauri?

#10 – Mwanzisha uzi

Kaka, muda ndio gharama ambayo hakuna duka linalokuandikia risiti, na anayeilipa mara nyingi ni mtu aliyebaki nyumbani. Keti na mwenzako mkiwa na kalenda, mpange safari ndefu moja na siku ambayo yeye naye ana nafasi yake isiyoguswa. Ukisema utarudi saa nne asubuhi, rudi saa nne. Saa moja ya mazoezi makali katikati ya wiki, alfajiri, inaweza kuchukua nafasi ya saa mbili za kuzurura. Na matumizi ya baiskeli yawe na fungu lake linalojulikana na wote wawili. Vifurushi vinavyoingia nyumbani kwa siri vinavunja imani.

Kwenye mashindano, ada ya kujiandikisha ni sehemu ndogo. Hesabu usafiri, malazi, leseni kama inatakiwa, na tairi utakazofunga kwa ajili ya siku hiyo. Chagua machache unayoyapenda kweli.

Mita ya nguvu ni kifaa kizuri kwa anayefuata mpango wa mazoezi. Kama unaendesha kwa hisia, itakuwa namba ya kuangalia tu. Mkanda wa mapigo ya moyo na mlima mmoja unaoupima kwa saa kila baada ya wiki kadhaa vitakuonyesha kama unasonga mbele. Siku ukiinunua, endesha dakika 20 kwa nguvu zako zote, chukua wastani wa wati, zidisha kwa 0.95, na hapo una makadirio ya nguvu unayoweza kuihimili kwa karibu saa nzima.

Na bima, kwa kuwa imeulizwa pembeni: soma kama bima ya nyumba inafidia baiskeli ikiwa nje ya nyumba, na kama inafidia wakati wa mashindano. Mara nyingi majibu hayo mawili ni tofauti. Muhimu zaidi ni ile inayolipa unapomgonga mtu mwingine. Piga picha ya namba ya fremu na risiti leo hii, uzihifadhi mahali ambapo simu ikipotea hazipotei.

#11 – Mchangiaji

Mimi sina pesa ya baiskeli mpya. Nina ya milimani ya inchi 26, gia 7, imekaa muda mrefu. Nataka kuanza kilomita 40 hadi 50 kila wikiendi barabara ya lami. Nianzie wapi na kiasi kidogo nilichonacho?

#12 – Mwanzisha uzi

Mkuu, una kila kitu unachohitaji. Baiskeli ya gia 7 ina mnyororo na gia za bei ya chini kuliko zote, na itakubeba kilomita 50 bila tatizo.

Anza na breki. Kebo zilizokaa zinapata kutu ndani ya mrija, kwa hiyo badilisha kebo na mirija yake, pamoja na raba za breki zikiwa zimekauka. Pima mnyororo kama nilivyoeleza juu. Ukiwa umepita, jaribu mpya. Ukiruka kwenye gia za nyuma, badilisha na gia hizo pia. Panga urefu wa siti, maana baiskeli nyingi za milimani siti yake imeachwa chini mno.

Pesa itakayobaki, nunua tairi za uso laini badala ya zile zenye meno. Utaona tofauti kwenye mita mia za kwanza. Ila chunga hapa: kuna vipimo kadhaa tofauti vinavyoitwa inchi 26, na havibadilishani. Ya milimani mara nyingi ni 559, lakini kuna baiskeli za zamani zenye 590, na tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine. Ubavuni mwa tairi uliyonayo kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu. Isome hiyo kabla hujalipa, uiandike hapa, tukusaidie kuchagua upana utakaopita kwenye fremu yako.